Nguo ya Kompyuta

Nyumbani kwangu kila kitu kina nguo. Redio ina nguo, televisheni ina nguo, mtungi wa gesi una nguo ya marinda kama sketi ya mtoto wa shule ya Jumapili, na viti vya sebuleni vimevaa kunishinda mimi. Mke wangu ndiye anayefuma. Sindano yake ni ile ile aliyokuja nayo kutoka kwao Kaloleni tulipooana, na uzi kwake haukatiki. Ukija kwangu ukakaa, ukiinuka jipapase mgongoni, kwa sababu vitambaa vyetu vina tabia ya kushika shati. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuondoka hapa na kitambaa cheupe kinaning'inia nyuma, akafika nacho mpaka barabarani, watu wakampisha wakidhani ni vazi la ibada.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akamlaumu mke wangu huko mbele. Alilolifanya ndilo alilokuwa akilifanya maisha yake yote. Kitu kikiingia nyumba hii kikapendwa, huvishwa. Kisichovishwa ni cha kupita tu, kama ndoo ya kuazima au mkoba wa mgeni.

Basi tunaye mjukuu. Huyu tulimlea wenyewe hapa Bofu, mtaa wetu wa ng'ambo ya feri, tangu akinyonya kidole hadi alipopata nafasi ya chuo Nairobi. Akasoma mambo ya kompyuta, akapata kazi huko huko. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo watu wakiniuliza mjukuu wangu amesomea nini, nilikuwa nasema "kompyuta" halafu nabadilisha mazungumzo kabla hawajauliza la pili.

Kwetu sisi mjukuu wa kike ni mke wa babu. Kwa mdomo, jamani, ni utani tu, kila mtu wa huku anaujua. Na akiwa mke wangu, basi yeye na nyanya yake ni wake wenza, na wake wenza hawaachi kuchokozana. Akipiga simu kutoka Nairobi, salamu zikiisha ndio hivyo:

"Mke mwenza, mume wangu umempa nini leo?"

"Muhogo."

"Muhogo mtupu? Ndiyo maana amekonda. Nikija nakunyang'anya."

"Njoo umchukue. Na kikohozi chake ukichukue, na soksi zake uzifue wewe."

Mimi niko pale pale, nasikiliza watu wananigawa kama embe.

Alikuja Krismasi kama kila mwaka. Lakini safari hii Januari iliingia naye yupo, na Februari ikamkuta yupo. Siku moja alikuja kukaa na mimi barazani akasema, "Babu, kule nachoka. Nikitoka kazini nafunga mlango, basi. Hakuna hata wa kuniuliza kama nimekula." Kazini walikuwa wamempa ruhusa afanyie kazi huku mpaka mwisho wa mwezi. Hapo katikati mchungaji wetu akamwomba awafundishe kompyuta wasichana wa mtaani waliomaliza shule na wamekaa tu majumbani, kila Jumamosi. Yeye akatueleza mpango wake tukiwa mezani.

"Jumamosi ya kwanza nikiona darasa limeshika, nitawaomba kazini nibaki huku moja kwa moja. Nitakuwa na sababu ya kuwaambia. Lisiposhika, kesho yake, Jumapili, nakwenda Miritini napanda treni."

Nyanya yake akasema, "Ni vizuri." Akainuka akaenda jikoni kukaanga samaki. Wale samaki walirudi wameungua upande mmoja, na mimi kwa umri wote huu sijawahi kumwona mwanamke yule akiunguza samaki. Hapo ndipo nilipojua. Watoto wetu wote wameondoka, kila mmoja na mji wake. Nyumba hii ikikaa wazee wawili, sauti ya kijiko kikigonga kikombe unaisikia mpaka nje. Lakini mke wangu si mtu wa kusema "baki". Mimi naropoka, yeye anafuma.

Begi la safari la mjukuu lilikuwa nyuma ya mlango wa mbele, limesimama wima, halina nguo.

Kompyuta aliyoletewa ilitoka ofisi ya kanisa. Nzee, sanduku kubwa la chuma, linanguruma kama paka aliyeshiba. Ikawekwa pembeni mwa sebule yetu, kwa sababu ukumbi wa kanisa Jumamosi ni wa kwaya, na kwaya ya kwetu haimpishi mtu. Mjukuu akaifuta vumbi, akachukua feni yangu, ile ninayolalia kila mchana, akaigeuza ielekee kwenye lile sanduku. Hakueleza kitu. Mimi nikachukua gazeti nikajipepea.

Nikawa nakaa naye akifanya kazi, nikimenya machungwa. Nikamuuliza ni nini hicho anachokijenga siku zote hizo bila kuonekana tofali.

"Mume wangu, unataka kujua kweli, au unataka tu kuzungumzishwa?"

"Vyote viwili."

Akacheka, akageuza kiti. Akanieleza kwamba wasichana wale kila mmoja ana kifaa chake. Huyu ana simu iliyopasuka kioo, yule ana laptopu ya kaka yake yenye kibodi kilichong'oka herufi, mwingine atakuja na simu ya mama. Ukimwambia kila mmoja aweke programu zake mwenyewe, darasa litaishia kwenye kuweka programu. Kwa hiyo vitu vyote vinawekwa mahali pamoja, kwenye lile sanduku letu, ambalo sasa linaitwa seva. Wao wataunganisha simu zao na waifai ya nyumbani, wafungue ukurasa mmoja, na ukurasa huo ni kama daftari. Unaandika amri, unabonyeza, na jibu linatokea chini ya ulichoandika, hapo hapo.

"Na programu ya ukurasa huo, babu, iko ndani ya kontena."

Hapo nikaacha chungwa. Kontena! Miaka yangu mingi nimekula kwa kufunga kontena bandarini, naamka Changamwe enzi hizo tukipanga huko, narudi mikono ina grisi mpaka mtoto akinishika analia. "Kontena usinifundishe," nikamwambia. "La futi ishirini au la arobaini?"

"Halina futi, babu. Ni chumba ndani ya kompyuta, kimejifunga peke yake. Kinachotokea humo hakimgusi wa nje."

Nikamsimulia siku moja lilipofunguliwa kontena mbele yetu wakati wa ukame, mvua hatuijui inafananaje, na ndani kumejaa miavuli. Miavuli mitupu, ya rangi zote, na sisi tumesimama juani tunaitazama. Akanisikiliza mpaka mwisho. Si wote wanaonisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi kwenye kioo chake.

Taabu yake ilikuwa hii, na nimeielewa baada ya kuelezwa mara nyingi. Kontena lile alilipakua kwenye mtandao likiwa tayari lina mazingira yake, maana yake lugha ya kuandikia na vyombo vya kufanyia kazi. Lakini havikuwa vyombo anavyovitaka. Alitaka vya kupanga majedwali na vya kuchora picha za hesabu, na alivitaka vya toleo fulani, siyo jingine. Kwa hiyo ilimbidi ajenge mazingira yake mwenyewe humo ndani, pembeni mwa yale yaliyokuja. Akikiweka chombo hiki, kile kinakataa kukaa nacho. Huyu anataka mwenzake wa zamani, yule anamtaka wa kisasa. Nilikuwa namsikia akivisemesha: "Wewe una nini tena? Jana si ulikubali?" Kama mtu anayepanga viti vya harusi ya koo mbili zisizosalimiana.

Na hata vyote vikikaa, bado. Lazima uyatambulishe hayo mazingira kwa lile daftari, vinginevyo yapo lakini hayaonekani. Hilo lilinipendeza. Kanisani kwetu mgeni husimamishwa akatajwa jina, watu wakapiga makofi, ndipo anakuwa amekuja. Kabla ya hapo ni mtu tu aliyekaa kwenye benchi.

Alhamisi akapiga kelele. Tukakimbilia sebuleni. Kwenye kioo kulikuwa na vijumba viwili vya kubonyeza, vimekaa sambamba. Kimoja ni kile kilichokuja na kontena. Cha pili kilikuwa chake, na chini yake ameandika jina alilokipa: Bofu.

Mke wangu akavaa miwani akasoma polepole. "Bofu. Mtaa wetu umeingia humu?"

"Umeingia, mke mwenza."

"Na mimi nimo?"

"Wewe si ndiye mwenye nyumba? Nani atakuacha nje?"

Mke wangu akapangusa kioo kwa pembe ya leso yake, ingawa kilikuwa kisafi, akarudi jikoni akiimba.

Ijumaa mjukuu alitoka asubuhi kwenda Nyali. Kuna mama mmoja huko alikuwa ameahidi kumwazima laptopu mbili za zamani za wanawe. Mlangoni akageuka. "Jamani, hala hala. Kompyuta msiizime. Bado sijaimalizia mambo yake."

"Hatuigusi," nikasema.

Na mimi nikatoka kwenda kunyolewa. Kwa kinyozi wangu mtu hanyolewi haraka, kwanza anasimuliwa, tena ana watoto wawili mabaharia, kwa hiyo habari zake ni za dunia nzima. Niliporudi, adhuhuri imepita, jua lile la Februari linachemsha mabati, nikaikuta sebule imebadilika.

Kompyuta ilikuwa imevaa.

Tangu wiki ile ianze, mke wangu alikuwa akifuma kwa siri, mchana mimi nikilala. Nguo ya buluu na nyeupe, uzi wa mikunjo miwili, ndani ameitia bitana ya marekani nzito ili vumbi lisipenye. Ilifunika sanduku lote, juu, mbele na nyuma, na chini ikateremka kwa lesi mpaka sakafuni. Mbele ilikuwa na waridi. Sijamwona akifuma waridi tangu mwanetu wa mwisho alipobatizwa. Feni ilikuwa inairusharusha ile lesi, kwa hiyo ameigeuza kuelekea kitini kwangu.

"Kaa upepewe," akaniambia. "Yenyewe imeshavaa."

"Imependeza, mama watoto," nikasema, na wallahi, mimi mtu wa kanisa naapa, ilikuwa imependeza. Tena hatukuizima. Tuliambiwa tusiizime na hatukuizima.

Alasiri kompyuta ikalia mlio mmoja mfupi, kama mtoto anayeota, na ile ngurumo ikakatika. Tukatazamana.

"Imelala," akasema mke wangu.

Nasi tukateremsha sauti, tukawa tunazungumza kwa kunong'ona.

Mjukuu aliingia amebeba laptopu zote mbili kifuani, anacheka, kiatu kimoja kimevuliwa, kingine bado. "Shikamooni! Amenipa zote, na chaja za..." Akaiona. Kile kicheko kilibaki usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka. Akaweka laptopu chini. Akaivua ile nguo kwa mikono miwili, taratibu, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka kwenye kiti. Mtu mwingine angeirusha. Halafu akagusa sanduku akaondoa mkono upesi. Lilikuwa la moto kama sufuria ya ugali.

Ilipopoa akaiwasha. Ikanguruma. Ule ukurasa ukafunguka. Kijumba kimoja tu. Kile kilichokuja na kontena. Bofu haipo.

"Imekwenda wapi?" nikauliza.

Akatueleza kwa sauti ya chini, akitazama kioo. Madaftari ya masomo yote yapo, kwa sababu hayo aliyahifadhi kwenye folda iliyo nje ya kontena. Lakini yale mazingira, vile vyombo alivyovipatanisha siku zote zile, vilikuwa ndani. Na lile kontena alipolianzisha mara ya kwanza alikuwa anajaribu tu, akaliagiza kwamba likizimika lijifute lenyewe, lisimjazie takataka. Kisha kazi ikanoga, akaendelea kujenga humo humo, akasahau agizo. Joto likaizima kompyuta, na kontena likatii.

"Basi kosa siyo la kitambaa," nikadakia.

"Kosa ni langu, babu," akasema. "Na la kitambaa." Akataka kucheka, midomo ikakataa.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono ina unga. "Nimeharibu?"

"Hapana, Nyanya."

Nyanya. Siyo mke mwenza. Mara ya mwisho nilimsikia akimwita hivyo bila utani alikuwa mdogo, ana malaria, anatetemeka chini ya blanketi. Mjukuu akatoka nyuma, akasimama kwenye kamba za nguo, akatupa mgongo. Kesho ilikuwa Jumamosi. Mimi macho yangu, bila kuyatuma, yakaenda kwenye lile begi nyuma ya mlango.

Mke wangu akanawa mikono. Akachukua ile nguo ya kompyuta, akakaa mkekani, akaing'oa marekani kwanza. Kisha akatafuta ncha ya uzi, akaivuta. Waridi likaanza kwenda. Mstari mmoja, mwingine, mwingine. Unajua kufumua kunavyokwenda mbio kuliko kufuma.

"Mama watoto, acha. Ni kazi ya wiki nzima hiyo."

"Na yake ilikuwa ya wiki nzima."

Nikaokota ile marekani sakafuni, nikaikunja.

Mjukuu alirudi ndani macho mekundu, akaukuta uzi umelundikana mapajani mwa nyanya yake kama tambi. "Nyanya, unafanya nini?"

"Nafumua."

"Kwa nini?"

"Sikuipima vizuri. Sikuiachia pa kupumulia."

Mjukuu akakaa chini mkekani, akakunja miguu, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vikitazamana. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikaa alipokuwa mtoto, nyanya yake anapozungusha uzi mpya. Mikono yake ilikuwa ndiyo gurudumu. Mke wangu akamtazama, akaanza kuuzungusha ule uzi kwenye mikono yake, buluu kwa buluu. Wakaenda hivyo. Mimi nikajifanya namenya chungwa, na chungwa sina.

"Utaanza tena?" mke wangu akauliza baadaye.

"Nitaanza. Ila safari hii sikiweki chombo kimoja kimoja kwa mkono. Naandika yote kwenye faili moja, kutoka mwanzo hadi mwisho, nani aingie kwanza, nani amfuate, toleo gani. Kompyuta inasoma yenyewe, inajijengea. Ikizimwa, ikiwashwa, inayakuta mazingira yake."

"Kwani hukulijua hilo tangu mwanzo?"

"Nalijua sana. Ndivyo tunavyofanya kazini kila siku. Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini?"

Mjukuu akatazama uzi mikononi mwake. "Ya kubaki."

Mke wangu aliendelea kuzungusha uzi. Lakini nilimwona ameupitisha mara nyingi pale pale, mahali pamoja, kama mtu aliyesahau anafanya nini.

Kuliandika lile faili hakukumchukua muda, maana migogoro ya zile koo zisizosalimiana alishaijua yote kichwani. Kilichochukua muda ni kuvipakua tena vile vyombo. Waifai ya nyumbani Ijumaa jioni huwa haina nguvu, kwa hiyo akatumia bando la simu yake, na kwetu simu inashika vizuri dirishani tu, kwenye pembe ya kulia, ukiinyanyua. Kuiegemeza haikubali. Basi nyanya yake akasema, "Lete." Akasimama dirishani ameinua ile simu juu kwa mikono miwili. Jirani akapita nje.

"Mama, unampungia nani?"

"Simpungii mtu. Napakua."

"Unapakua nini?"

"Vyombo."

Jirani akaendelea na safari yake. Sijui alikwenda kuwaambia nini watu.

Mimi nilipewa feni. Kazi yangu ilikuwa kuishika ielekee kwenye sanduku bila kutikisika, na nikasinzia mara moja nikaipulizia mapazia, nikakemewa na wanawake wote wawili kwa pamoja. Kukemewa kule kulinifurahisha. Kwenye kioo maandishi yalikuwa yakishuka mstari juu ya mstari, meupe, upesi upesi. Mara yanasimama. Mke wangu anaibadilisha simu pembe, yanaanza tena kushuka. Mjukuu hakuwa akigusa kitu. Amekaa mikono kifuani, anaiachia mashine isome alichoandika.

Magharibi inaadhiniwa msikiti wa jirani, Bofu ikarudi. Kijumba cha pili, pembeni mwa kile cha kwanza, na jina chini yake.

Mke wangu akashusha mikono kwa mara ya kwanza. Nami nikasema, "Mungu ni mwema," na kabla sijamaliza kusema, mjukuu akanyoosha mkono akaizima kompyuta.

"We!" tukapiga kelele wote wawili.

"Tulieni."

Akangoja kidogo. Akaiwasha. Ikanguruma. Ukurasa ukafunguka. Vijumba viwili. Akaizima tena, akaiwasha tena. Viwili. Akasujudu kwenye meza, paji la uso juu ya kibodi, mabega yanatikisika, na safari hii nilijua anacheka kwa sababu nyanya yake naye alikuwa anacheka.

Jumamosi wasichana walikuja, wakaacha viatu mlangoni, wakakaa kwenye mabenchi tuliyoazima. Nguo za viti mke wangu alizitoa zote asubuhi mwenyewe. Hataki kitambaa chochote karibu, anasema vimeshafanya kazi yao. Yeye akakataa kuingia. Akakaa nje ya mlango na ungo wake akichambua kunde, na kila mara mkono unasimama kwenye ungo, sikio liko ndani, nami kando yake nikichungulia.

Mjukuu akawaambia wafungue ukurasa, wabonyeze Bofu. Kisha kila mmoja akaandika alingoja kiasi gani mara ya mwisho alipovuka kwa feri, na ile mashine ikachora nguzo, kila mtu na nguzo yake, ndefu kwa aliyengoja sana.

"Mwalimu! Yangu haina Bofu!" Ni yule mwenye simu iliyopasuka.

Nje, kunde zikamwagika. Mke wangu alikuwa amesimama wima, ungo umeelekea chini.

Mjukuu akaiangalia ile simu. "Ukurasa wako umekwama pale ulipoanza kufunguka. Simu imeruka kwenye laini yako, imeacha waifai ya hapa." Akairudisha. Bofu ikatokea, na nguzo ya yule msichana ikapanda kupita za wenzake wote, mpaka dari ya picha.

"Ala! Wewe feri ngapi zilikupita?"

"Nilikuwa namngoja mtu."

"Mtu gani huyo anangojewa hivyo?"

"Mtu."

"Mwalimu, mashine yako inaweza kumchora huyo mtu?"

Kicheko kilichotoka humo sebuleni, nilikisikia mpaka tumboni. Mke wangu akachuchumaa, akaanza kuokota kunde moja moja.

Walipoondoka walikuwa wanaulizana Jumamosi ijayo waje saa ngapi. Mjukuu akatoka, akachuchumaa naye, akaokota.

"Wanarudi?" nyanya yake akauliza.

"Wanarudi."

"Na wewe je?"

"Kazini nimeshawaandikia. Wakikubali, nitakuwa nakwenda Nairobi mara moja moja tu."

"Umewaandikia saa hizi?"

"Asubuhi. Kabla ya darasa."

Mke wangu akainua kichwa. "Si ulisema mpaka uone?"

"Niliona jana."

Wakaendelea kuokota kunde. Zilikuwa nyingi, na zingine zimeingia chini ya viatu vyangu, nikahamisha miguu.

Jibu la kazini lilikuja wiki iliyofuata, na walikubali. Begi la safari bado lipo nyuma ya mlango, maana kweli huwa anakwenda na kurudi, lakini limeshavishwa. Lina nguo ya kijani yenye mkono wa kupitishia mpini. Na kompyuta nayo imepata nyingine, ya uzi ule ule wa buluu na nyeupe, nyepesi, haina marekani, nyuma iko wazi. Waridi limerudi mbele, dogo kidogo kuliko la kwanza, kwa sababu uzi ukifumuliwa haurudi wote.

Sheria ni moja: nguo haivai mpaka mwenyewe aseme. Kila jioni akimaliza, anaizima bila wasiwasi wowote, anasukuma kiti nyuma, na anaita kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni:

"Mke mwenza! Imelala!"

"Abee!"

Na mke wangu anakuja na ile nguo mikononi, wanaivisha wawili, huyu pembe hii, huyu pembe ile. Wakimaliza, ndipo mimi narudishiwa feni yangu.